Joho Lililobaki Msumarini

Hapo zamani. Ngojeni, msianze kuniuliza ni zamani gani. Zamani yangu mimi si ile ya wanyama kusema. Ni zamani ya simu na redio, na baadhi ya waliokuwamo wako hai, wanaweza kupita hapo nje sasa hivi wakatusalimia. Nasema hapo zamani kwa sababu nikisema ni juzi nitalia, na mmeniita nije nisimulie, hamkuniita nije nilie. Haya, mwenye kikohozi akohoe sasa. Mwisho wa hadithi nitawauliza swali, na atakayenijibu "sijui" tutakosana.

Hapo zamani palikuwa na kijiji huku kwetu Upare, mlimani, jina lake Ikongwe. Kijiji kimoja, vitongoji viwili. Kitongoji cha Juu kilikuwa na migomba na tangawizi. Kitongoji cha Bondeni, nilikoolewa mimi, kilikuwa na vumbi. Na huko Juu ndiko ilikokuwa ndiva.

Asiyejua ndiva nimweleze. Ni bwawa dogo walilochimba babu zetu kwa mikono, ukuta wake mawe na udongo. Kijito kinaingia humo, maji yanakusanyika, na asubuhi mwenye zamu anakwenda, anashuka ukutani kwa ndani, anachomoa kizibo cha mgomba na majani, maji yanatoka kwa mfereji hadi shambani kwake. Ni hivyo tu. Lakini kizibo kile hakiguswi na mtu ila mwenye zamu. Mwenye zamu akiwa hayupo, anampa nafasi mtu wa damu yake, wa nyumba yake. Jirani hapana, rafiki hapana. Na msione ni ushamba. Watu walishawahi kukatana mapanga pale ukutani kwa sababu ya maji, na utaratibu huo ndio uliowapatanisha.

Sasa, katika kijiji hicho palikuwa na mama mmoja mjane, Mama Mbonea. Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa Mbonea, mvulana. Mdogo Nakijwa, msichana. Mbonea alichelewa kuanza shule kwa sababu ya kuchunga mbuzi, kwa hiyo kaka na dada walisoma darasa moja, benchi moja. Na Nakijwa huyo, nawaambia mapema, ndiye aliyekuja kuwa mtu wa kwanza katika ukoo wao wote kukanyaga chuo kikuu. Kwao hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kuliona darasa la sekondari. Wa kwanza kabisa! Lakini hakufika peke yake. Alifikishwa na watu watatu, na hao ndio ninaotaka muwashike kichwani.

Wa kwanza ni Mbonea, kaka yake. Walifanya mtihani wa darasa la saba pamoja, wakafaulu wote wawili, na mama yao akawakalisha jikoni akawaambia ukweli: wanangu, nina uwezo wa kusomesha mmoja. Mama hakuweza kutaja jina. Mbonea ndiye aliyesimama. Akamtazama mdogo wake, akasema, "Chukua nafasi yangu."

"Kaka, na wewe?"

"Mimi nina mikono. Chukua nafasi yangu, Nakijwa, na usinirudishie."

Akashuka tambarare kwenye machimbo ya jasi, akapasua mawe. Mkono wake wa kushoto ulibanwa na jiwe haukufunguka tena vizuri. Vumbi likamkaa kifuani, akawa akicheka anakohoa. Kila alichopata kilikwenda shuleni kwa Nakijwa.

Wa pili ni Mwalimu Senzighe, mkuu wa shule ya msingi pale Ikongwe. Nafasi za sekondari mwaka ule zilikuwa chache, na palikuwa na mzee mwenye kauli kubwa kijijini ambaye mtoto wake alifeli. Mzee huyo akamwendea Mwalimu. Akamwambia, yule binti wa mjane wa nini, ataolewa tu, mpe mwanangu nafasi yake, tutasahihisha majina. Mwalimu Senzighe alikuwa mtu mkavu, hacheki ovyo. Akamjibu, "Utaratibu ni utaratibu. Aliyefaulu ndiye anayekwenda."

"Mwalimu, utajuta."

"Nitajuta. Lakini utaratibu ni utaratibu."

Na alijutishwa kweli. Alihamishwa akapelekwa shule ya mbali porini, akaugulia huko, mke wake akamfia huko. Alipostaafu akarudi Ikongwe, na watu wakampa kazi ya kusimamia zamu za ndiva. Walisema huyu ndiye mtu pekee ambaye hapindiki.

Wa tatu ni mama mwenyewe. Nakijwa akiwa sekondari, bweni la mbali, alisikia mama yake anaumwa. Akatoroka akarudi nyumbani, akaweka sanduku chini, akasema, "Mama, nimeacha shule. Nitakuuguza." Mama Mbonea alikuwa kitandani, homa imemshika, hali uji wala hanywi. Akainuka! Akajifunga kitenge, akabeba lile sanduku kichwani, akamsindikiza binti yake mpaka kwenye kona ile mlima unapoanza kushuka. Hapo akautua mzigo, akamkabidhi mkononi, akamwambia, "Nenda, usigeuke."

"Mama, nikuache hivi?"

"Nenda, nimesema. Usigeuke!"

Nakijwa akaenda, hakugeuka. Angegeuka angemwona mama yake amekaa chini katikati ya njia, hawezi kusimama, mpaka wapita njia walipomkuta wakamrudisha kwa kumbeba. Jambo hilo Nakijwa alilijua baadaye sana, tena kwa kuambiwa na majirani.

Mmewashika? Kaka: chukua nafasi yangu. Mwalimu: utaratibu ni utaratibu. Mama: nenda, usigeuke. Vizuri.

Nakijwa akasoma, akasoma, akahitimu. Masomo yenyewe yalikuwa ya uongozi na maendeleo ya jamii. Kuna ofisi mjini ilimtaka, kiti cha kuzunguka na feni. Yeye akapanda mlima akarudi Ikongwe na joho lake ndani ya mfuko wa nailoni. Watu walisema, weee! Hamjui watu? "Amesoma mpaka macho yamemtoka, halafu anarudi kula makande na sisi!" Wengine wakasema amefukuzwa. Uchaguzi wa kijiji ulipofika akagombea uenyekiti, na akashinda, maana sisi wa Bondeni tulimpigia kura sote, hata mume wangu ambaye hajawahi kukubali jambo lolote la mwanamke.

Mkutano wake wa kwanza alisema jambo moja tu. Alisema, "Maji yatafika Bondeni."

Pakawa na kelele! Watu wa Juu walisimama. Mmoja akauliza, "Mwenyekiti, maji yakishuka Bondeni, sisi tutabaki na nini?"

Nakijwa akamjibu kwa upole, "Mtabaki na zamu zenu, baba. Mvua za masika ndiva inafurika, maji yanamwagika korongoni bure. Hayo ya kumwagika ndiyo ninayoyaomba. Tutachimba mfereji mpya, na Bondeni watapata zamu yao mwishoni."

"Na utaratibu wetu? Si mtaanza kuja kuchomoachomoa kizibo kila mtu na wakati wake?"

"Utaratibu hauguswi. Hata mimi mwenyekiti sitauvunja. Nawaahidi mbele ya Mwalimu Senzighe. Siku nikiuvunja, zibeni mfereji wa Bondeni na mniondoe."

Mwalimu Senzighe alikuwa amekaa mbele, fimbo magotini. Akatikisa kichwa kukubali. Ahadi ile ndiyo iliyotupa mfereji, na naomba msiisahau, maana tutarudi hapo.

Tukachimba. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kila kaya na jembe lake, na mwenyekiti naye na jembe lake, sketi ameikunja, matope hadi magotini. Mimi nilichimba karibu yake. Alikuwa anaimba vibaya, jamani, sauti haikuwa yake kabisa, na tulimtania mpaka akawa anaimba kwa makusudi ili tucheke. Kiangazi kizima tulichimba, mfereji ukazunguka mlima ukafika Bondeni, mkavu, unasubiri maji.

Sasa niwaambie habari ya joho. Mnajua desturi yetu. Mhitimu akirudi nyumbani anafanyiwa sherehe, na katikati ya sherehe analivua joho, anamvika mtu aliyemsomesha, na kofia anamwekea kichwani, na hapo vigelegele mpaka kuku wanakimbia. Nakijwa alikuwa hajafanya sherehe hiyo. Kila alipoulizwa alisema, "Maji yakifika Bondeni. Siku hiyo nitalivua joho nimvike mwenyewe."

"Mwenyewe nani?" ndilo lilikuwa swali la kijiji kizima.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Siku moja nilikuwa jikoni kwa Mama Mbonea, tunachambua maharage ya makande. Mbonea alikuwa amepanda kutoka machimboni. Mwalimu Senzighe alikuwa amekuja kuuliza habari za zamu. Joho lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani, jeusi, lina utepe wa bluu. Mama Mbonea alikuwa akilipangusa kila asubuhi kama lina vumbi, na halikuwa na vumbi.

Mbonea akasema, "Mama, acha kulizoea hilo. Litakuja kukaa begani kwangu. Mimi ndiye niliyetoa nafasi. Nisingetoa nafasi, leo mwenyekiti angekuwa anapalilia tangawizi ya watu."

"Wewe!" mama yake akamrushia ganda la maharage. "Na mimi niliyeinuka kitandani na homa? Ningemkubalia akae aniuguze, nafasi yako ingekuwa imeozea hapo mlangoni. Joho ni langu. Nimeshalipima, linanitosha."

"Linakufagilia uwanja, Mama."

Mwalimu Senzighe akasafisha koo. Sikuwahi kumsikia mzee yule akitania, siku ile nikamsikia. Akasema, "Kwa utaratibu, joho huvaliwa na mwalimu. Nyie mlitoa nafasi, nyie mlimsindikiza. Nafasi yenyewe ililindwa na nani?"

Tukacheka sana. Nakijwa alikuwa mlangoni, ameegemea, anakula muwa. Wote watatu wakamgeukia. "Haya, sema wewe! Nani?"

Akatabasamu. Akasema, "Tulieni. Nimeshamchagua. Jumapili mtamjua."

Jumapili hiyo ndiyo tuliyopanga kuufungua mfereji. Turubai liliagizwa, sufuria ziliazimwa, mbuzi walifungwa. Mama Mbonea alikuwa ameshasuka nywele.

Alhamisi ikaanza mvua. Masika ya mwaka ule hayakubisha hodi. Ilinyesha Alhamisi kutoka alfajiri haikupumzika, na kijito kikaja chekundu, na ndiva ikaanza kujaa. Ilipofika katikati ya asubuhi, vijana wa Juu waliokwenda kuiangalia wakakuta maji yamepanda nusu ya ukuta na bado yanapanda. Mwalimu Senzighe alikuwa pale, na mwavuli.

Vijana wakasema, "Mwalimu, tuzibue, tuyaachie yaende mfereji mpya."

"Leo zamu ya nani?"

"Ya Mbonea."

"Mbonea yuko wapi?"

"Yuko machimboni. Mvua imekata barabara, hawezi kupanda."

"Basi apigiwe simu, aseme nani wa nyumba yake anachukua zamu."

"Mwalimu, maji yanapanda!"

"Nayaona. Utaratibu ni utaratibu. Nikiuvunja leo kwa sababu ya mvua, kesho utavunjwa kwa sababu ya jua, na tutarudi kwenye mapanga."

Vijana wenye misuli, wenye kuogelea, wakasimama wanaangalia. Wakampigia mwenyekiti. Wakamwambia, mwenyekiti toa amri, tunazibua. Nakijwa alikuwa nyumbani kwa mama yake. Akawajibu kwenye simu, "Amri ya kuvunja zamu sina. Niliahidi mbele yenu wote. Mtafuteni kaka."

Mbonea akatafutwa. Simu ilikuwa inakatikakatika kwa mvua. Alipopatikana, alipoelezwa, hakufikiri hata kidogo. Akampigia mdogo wake, akasema maneno ambayo mdomo wake ulikuwa umeyazoea. "Nakijwa, chukua nafasi yangu."

Nakijwa akavaa mabuti. Akafika mlangoni akasimama. Mama Mbonea mwenyewe ndiye aliyenihadithia haya, nami siongezi neno. Binti akageuka akamwambia mama yake, "Mama, leo moyo wangu mzito. Sijui kwa nini. Niende, au nisubiri kidogo mvua ipungue?"

Na Mama Mbonea alikuwa anamjua mwanawe. Alijua kwamba mtoto yule akisitasita ni wa kusukumwa kidogo tu, akishasukumwa anafika. Ndivyo alivyomsukuma maisha yote, na maisha yote alifika. Akamrekebishia kitambaa kichwani, akamwambia, "Nenda, usigeuke."

Akaenda. Hakugeuka.

Alipofika, ndiva ilikuwa imejaa pomoni, maji yanalamba mdomo wa ukuta. Akamsalimia Mwalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Mwalimu akaitikia, akamsogelea na mwavuli, na Nakijwa akamwambia, "Jifunike wewe, mimi nimeshalowa." Akashuka ukutani kwa ndani, maji yakamfika kifuani, akapapasa kizibo, akakivuta. Kikagoma. Akavuta tena, na tena. Kikatoka.

Maji yakanguruma yakaingia mfereji mpya. Ukuta ukapumua. Watu waliokuwapo wanasema maji yalishuka palepale mbele ya macho yao, yakashuka kabisa, na Nakijwa akapanda juu ya ukuta, akainua mkono kuwapungia vijana. Wakapiga makofi. Na hapo mawe ya upande ule aliosimama, yaliyokuwa yamelowa tangu alfajiri, yakateleza. Si ukuta wote, ni pale tu chini ya miguu yake. Yakamchukua yakamfunika.

Walimfukua kwa majembe yaleyale tuliyochimbia mfereji. Mwalimu Senzighe alitupa mwavuli akafukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Walipomtoa alikuwa ameshakwenda.

Na sisi Bondeni? Ngojeni ninywe maji kidogo.

Sisi Bondeni hatukujua kitu. Tulikuwa ndani tumejikunyata, tukasikia sauti mferejini. Tukatoka. Maji! Maji yanakuja, mekundu, yana majani na povu, yanapita pale tulipopachimba wenyewe! Tukacheza kwenye matope. Tulipiga vigelegele, wanawake wote wa Bondeni, tulipiga mpaka tukakauka makoo. Watu wa Juu wanasema walitusikia. Walikuwa wamemlaza kwenye mlango wa mbao, wanambeba kumpeleka kwa mama yake, na vigelegele vyetu vinapanda mlima. Maji yalifika Bondeni Alhamisi ile, kama alivyosema.

Jumapili turubai lililoagizwa kwa sherehe likafunguliwa kwa msiba. Sufuria zilezile, makande yaleyale. Jeneza likawekwa uwanjani, na mchungaji alipomaliza, akasimama kaka wa marehemu baba yao, Mzee Sengoka, ambaye watoto walimwita baba mkubwa. Alikuwa ameshika joho.

Akasema, "Ndugu zangu, mtoto huyu aliacha ahadi. Alisema maji yakifika Bondeni atalivua joho amvike aliyemsomesha. Maji yamefika. Yeye hawezi tena kutimiza, kwa hiyo ni sisi. Alisema ameshamchagua, na hakututajia jina. Ninyi watatu mlikuwa mnaligombania. Semeni. Nani avikwe?"

Sikilizeni sasa, maana watu wale watatu niliowaona jikoni wanarushiana maganda ya maharage, kila mmoja akisema langu, langu, siku ile kila mmoja alilisukuma.

Mbonea alisema, "Baba mkubwa, mimi usinivike. Nilimpa nafasi yangu akasoma, nikajiona mtu. Alhamisi nikampa tena nafasi yangu, akafa ndani yake. Lile jiwe lilikuwa langu. Sikuwaza hata kidogo! Mdomo ulisema tu. Mvike Mwalimu."

Mwalimu Senzighe akasimama kwa shida, vidole vimefungwa vitambaa. Akasema, "Utaratibu uliompeleka shule ndio uliomngoja pale ukutani mpaka maji yakajaa. Vijana waliniomba mapema, maji yakiwa nusu. Wangezibua, na leo angekuwa hai. Niliwakatalia kwa maneno niliyomkatalia yule mzee zamani, na zamani yalikuwa haki. Sijui yaliacha kuwa haki saa ngapi. Mimi nisivikwe kitu. Mvike mama."

Mama Mbonea hakusimama. Alikuwa chini, kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kanga. Alisema polepole lakini tulimsikia sote. "Aliniuliza. Ninyi hakuwauliza, mimi aliniuliza. Alisema Mama, moyo wangu mzito. Mama gani anaambiwa hivyo na mwanawe halafu anamfungulia mlango? Nilimsukuma akafika chuo kikuu, nikamsukuma akafika hapo." Akaonyesha jeneza. "Mpe Mbonea. Mkono wake umekufa kwa ajili ya joho hilo."

Mzee Sengoka akabaki na joho mikononi. Mtu mmoja nyuma, simtaji, akasema kwa sauti, basi avikwe marehemu mwenyewe, azikwe nalo, tumalize.

Mama Mbonea akainua kichwa. "Halivai! Alishasema analivua. Mnataka azikwe na ahadi yake mwilini?"

Tukazika. Joho likarudi kwenye msumari.

Tangu siku hiyo wamesema mengi. Watu wa Juu wanasema Mwalimu ndiye mwenye kosa. Sisi wa Bondeni tunawaambia, nyamazeni. Bila ahadi ya utaratibu mfereji usingechimbwa, na bila mfereji maji yale yangekwenda wapi? Ndiva ingepasuka imejaa ingetushukia sisi na watoto wetu tukiwa ndani. Wengine wanasema kosa ni la Nakijwa mwenyewe, kwa kukataa kutoa amri. Huyo anayesema hivyo namwambia, amri hiyo angeitoa, angekuwa yuleyule tuliyempigia kura? Na wengine wanasema hakuna mwenye kosa, ni mvua. Jamani, mvua haivai joho.

Mimi hupita kwa Mama Mbonea kila siku ya zamu yetu ya maji, nampelekea mboga za Bondeni. Mchicha wetu siku hizi ni mzuri kuliko wa Juu, na hilo wanajua hata kama hawasemi. Mwalimu Senzighe huwa amekaa kwenye benchi nje, hasemi mengi. Mbonea akiwa hayuko machimboni huwa anapasua kuni kwa mkono mmoja. Hawagombani wale watu. Wanakula sahani moja. Lakini hakuna anayeinua macho kuutazama ule ukuta wenye msumari, na Mama Mbonea hajalipangusa tena. Sasa lina vumbi kweli.

Safari iliyopita Mama Mbonea aliniambia, "Mama, wewe unajua kusema na watu. Waulize huko unakokwenda. Maana nikifa kabla halijavaliwa, nitamwambia nini nikikutana naye?"

Basi nawauliza, kama nilivyotumwa. Aliyetoa nafasi yake, akaitoa tena. Aliyelinda utaratibu, akaulinda tena. Aliyesema nenda usigeuke, akasema tena. Nakijwa alishamchagua mmoja wao alipokuwa hai, akila muwa mlangoni, akicheka. Je, angebadili uchaguzi wake kwa sababu ya Alhamisi ile? Je, nani alistahili kuvikwa joho? Na wewe pale nyuma unayetaka kusema hakuna, njoo kesho twende wote, ulitoe msumarini kwa mkono wako, umwambie mama yake.